Kuku nilimchinja, nauli sikutoa

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia ujumbe mrefu, saa sita usiku. Siuweki wote hapa maana umejaa mambo ya ndani ya kanisa lake. Kwa kifupi, nyumba yake imegeuka gesti. Kila mhubiri anayepita anaelekezwa kwake, sukari inaisha kabla ya tarehe kumi, mume ameanza kununa, na siku ya kufunga mkutano wa injili walishukuriwa watu wote hadi fundi wa vipaza sauti, yeye hakutajwa. Akamaliza hivi: "Mama, niendelee au nifunge mlango?"

Nilimjibu mistari miwili ya kumtia moyo, nikalala. Asubuhi niliona aibu. Mtu aliyechoka hajibiwi kwa "Bwana atakulipa". Kwa hiyo namjibu hapa, na wengine wenye nyumba kama yake wasome.

Mimi nimepokea wageni wa injili miaka kumi na minne. Tunakaa Dodoma, si mbali na barabara ya Singida, na ukweli ni kwamba hatukuanza kwa wito. Tulianza kwa sababu nyumba yetu ilikuwa karibu na basi. Mchungaji wa wakati ule alisema tu, "Mama, hawa watumishi wamechelewa gari, walale kwako." Wakalala. Wiki mbili baadaye wakaja wengine. Nikanunua daftari, nikawa naandika jina, siku, alikotoka na anakokwenda. Leo daftari lina majina 187. Nalitaja si kwa kujisifu. Basi, kidogo kwa kujisifu.

Sasa nikuambie kisa ambacho kwa miaka mingi sikumwambia hata mzee wangu.

Mwaka 2015, wakati wa mvua, alikuja kijana mwinjilisti kutoka upande wa Manyoni. Alikuwa anaelekea vijijini Kondoa, ambako kulikuwa na kikundi kidogo cha waumini wasio na mchungaji. Viatu vilikuwa vimefumuka, Biblia ameifunga kwenye mfuko wa sukari isilowe. Nilimpenda. Nikamchinjia jogoo niliyekuwa nikimtunzia Krismasi, nikapika pilau, nikaita majirani wawili waje wasikie neno na, niseme kweli, waje waone meza. Asubuhi nikampa chai ya maziwa na chapati. Nikamsindikiza mpaka getini, nikamwambia, "Mungu akutangulie, mtumishi." Akaitikia, "Amina, mama." Akanishika mkono, akachelewa kuuachia. Mimi nikadhani ananibariki.

Hakuwa na nauli.

Nililijua hilo miezi minane baadaye, tena kutoka kwa mama anayeuza chai stendi. Aliniambia kama mtu anayeeleza habari ya mvua: "Yule kijana wako wa Biblia ya kwenye mfuko, alilala hapa kwenye benchi siku mbili. Nilimkopesha uji. Siku ya tatu kondakta mmoja akamchukua, akampakizia mizigo badala ya nauli."

Na kilichonichoma zaidi ni hiki. Katika miezi ile minane salamu zilikuwa zimeshatufikia kutoka Kondoa, zikasomwa kanisani kwetu. Kijana alikuwa amewasimulia waumini wa kule habari za mama wa Dodoma aliyemchinjia jogoo. Alinishuhudia vizuri. Benchi hakulitaja. Nami nilikuwa nimetembea na sifa ile miezi minane, nimeivaa kama kitenge kipya.

Hapo ndipo nilipokutana na Gayo.

Wengi wetu hatumjui. Katika wapokea wageni wa Biblia tunamjua Lidia wa Filipi, Priska na Akila, na wachache wanamkumbuka Mnasoni wa Kipro aliyemlaza Paulo kwenye safari yake ya mwisho ya kwenda Yerusalemu. Gayo yumo kwenye Waraka wa Tatu wa Yohana, ambao kwa Kigiriki ndio wenye maneno machache kuliko vitabu vyote vya Biblia. Ulitosha kuandikwa kwenye karatasi moja ya mafunjo. Jina Gayo lilikuwa la kawaida mno enzi za Warumi. Katika Agano Jipya kuna Gayo wa Makedonia aliyekamatwa kwenye ghasia za Efeso, kuna wa Derbe, na kuna wa Korintho aliyebatizwa na Paulo, aliyekuwa mwenyeji wa kanisa zima. Huyu wetu hatajiwi mji, wala kazi, wala mke. Kitabu kimoja cha karne ya 4 kinasema Yohana alimweka kuwa askofu wa Pergamo. Mimi sipendi habari hiyo. Naona kama watu walishindwa kuvumilia kwamba ameandikiwa barua na bado alikuwa mwenye nyumba tu.

Kazi yake ilikuwa hii. Wahubiri walikuwa wakizunguka kutoka mji hadi mji. Nyumba za kulala wageni zilikuwepo, ila zilisifika kwa wizi, kunguni na makahaba, kwa hiyo mhubiri alitegemea mlango wa muumini. Gayo aliwafungulia, na barua inasisitiza kwamba walikuwa wageni kwake, watu ambao hakuwajua. Waliporudi walimshuhudia mbele ya kanisa la mwandishi wa waraka huo, yule anayejiita Mzee, ndipo Mzee akachukua kalamu.

Sasa msomaji mwenzangu, soma mstari wa sita polepole. Mzee anamsifu Gayo kwa mapokezi, halafu anamwomba jambo moja tu, na si kuwapokea tena. Anamwambia atafanya vizuri "ukiwasafirisha kama ipasavyo kwa Mungu". Neno hilohilo la kusafirisha Paulo anamwandikia Tito kuhusu Zena mwanasheria na Apolo, akiongeza kwamba wasipungukiwe na kitu. Maana yake si kupunga mkono getini. Ni kumpa mtu chakula cha njiani, gharama ya safari, ikibidi na mtu wa kumsindikiza, hadi afike kwenye mlango unaofuata.

Na sababu iko mstari wa saba: hao ndugu walitoka kwa ajili ya Jina, wala hawakupokea kitu kwa Mataifa. Yaani hawakuombaomba kwa wale waliokuwa wakiwahubiria. Mlango huo waliufunga wenyewe. Gayo akisahau, hakuna mwingine.

Nilipoelewa hapo nililia jikoni, maji ya ugali yakakauka.

Kuna maandiko mengine ya Wakristo wa kwanza, Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili. Nakala yake iligunduliwa Konstantinopoli mwaka 1873, ikachapishwa mwaka 1883. Humo wameweka sheria za wageni ambazo bibi yangu angezipigia makofi. Mtume anayepita akae siku moja, ikibidi ya pili, na akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwenye Didake humo humo kuna maagizo kwamba msafiri akitaka kuhamia na ana ufundi, afanye kazi ale. Lakini sheria iliyonishika ni nyingine: mtume akiondoka asichukue kitu ila mkate wa kumfikisha atakapolala, na akiomba fedha ni nabii wa uongo.

Umeona mtego? Mwaminifu hawezi kuomba. Anayejua kuomba vizuri ndiye wa kumwogopa. Yule kijana alinishika mkono akachelewa kuuachia kwa sababu hilo ndilo ombi pekee alilojiruhusu. Mimi nilikuwa nasikiliza sifa, sikusikia mkono.

Basi dada, ushauri wangu wa kwanza ni nauli. Mgeni akifika, kabla hujawasha jiko, uliza anakwenda wapi na gari lake ni bei gani. Weka pembeni pesa hiyo kwanza, kinachobaki ndicho cha kupikia. Kikibaki cha mlenda na ugali, ale mlenda na ugali. Hakuna mtumishi aliyekufa kwa kukosa pilau, ila wapo waliolala stendi. Ushauri wa pili ni huohuo wa kwanza, maana najua utausikia leo na kesho utachinja kuku.

Siku zihesabu. Mimi kwangu ni mbili, na namwambia mgeni akiwa bado ana begi mkononi, kwa tabasamu. Mumeo hanuni kwa sababu ya wageni. Ananuna kwa sababu hajui wataondoka lini. Mpe tarehe uone.

Sasa kuhusu kutotajwa jina. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu kidonda hicho ninacho.

Miaka kadhaa iliyopita tulipata kiongozi mpya kanisani. Simtaji. Alikuta utaratibu wetu wa wageni, akaona haupiti mezani kwake. Likatoka tangazo: wageni wote kupitia ofisini, na atakayelaza mhubiri bila kibali atachukuliwa hatua. Mwezi huohuo nikawapokea mume na mke kutoka Mpwapwa, usiku, mke ana mimba ya miezi saba. Kibali cha saa tano usiku ningekipata wapi? Jumapili iliyofuata nikasimamishwa uongozi wa akina mama, mbele ya watu, watoto wangu wamekaa benchi la pili. Aliyesoma tangazo hakuniangalia usoni.

Soma mstari wa tisa na wa kumi wa ile barua. Kuna mtu anaitwa Diotrefe, "apendaye kuwa wa kwanza kati yao". Mzee aliandika kwa kanisa, Diotrefe akakataa. Anamsema Mzee vibaya, hawapokei ndugu, anawazuia wanaotaka kuwapokea, na kuwatoa kanisani. Niliposoma hapo niliinuka nikafunga mlango, nisije kuonekana nikicheka peke yangu. Nilimjua! Suti yake naijua, hata anavyokohoa kabla ya matangazo.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa maombi, aliniambia, "Na wewe jichunguze, huenda Diotrefe yumo hata ndani yako." Labda. Mwenye daftari la majina 187 hawezi kubisha sana. Ila mimi sijamfukuza mtu kanisani kwa sababu amemlaza mjamzito, na jambo hilo naomba lisipakwe asali. Watu wa dini tuna haraka mno ya kumwambia aliyeumizwa ajichunguze, na aliyeumiza tunamwandalia kiti cha mbele.

Angalia pia Mzee mwenyewe anavyofanya. Hamwambii Gayo asamehe tu na kunyamaza. Anasema akija atayakumbuka matendo yale. Halafu anamtaja Demetrio, kwamba ameshuhudiwa na watu wote. Wafafanuzi wengi wanaona Demetrio ndiye aliyeileta barua, maana yake alikuwa anasimama mlangoni kwa Gayo, ana vumbi na njaa, akisubiri kuona kama Gayo bado anafungua. Diotrefe ametangaza, na mgeni yuko hapo hapo. Hicho ndicho kipimo, dada yangu, wala si kile cha siku kanisa lote linapokusifu.

Na fikiri hili. Tunamjua Gayo kwa sababu mambo yaliharibika. Diotrefe angekuwa muungwana, barua isingeandikwa, na Gayo angepokea wageni hadi kufa kwake bila sisi kulisikia jina lake. Walikuwepo wangapi wa namna hiyo kati ya Yerusalemu na Roma? Injili ilivuka milima kwa miguu ya watu tunaowajua na kwa vyungu vya watu tusiowajua. Uliumia kutotajwa, sawa, umia. Usikubali mtu akwambie haiumi. Lakini usipike ili utajwe, maana nilikwishakuonyesha mwenye kupika ili atajwe anachosahau.

Nifunge mlango? Ukichoka, funga. Funga mwezi mzima, waambie ofisini una shughuli, lala. Katika waraka wa pili, huohuo Mzee anamwambia mama mteule kwamba wapo wasiostahili kuingizwa nyumbani, kwa hiyo mlango kufungwa si dhambi mpya. Ukifungua tena, fungua na nauli.

Yule kijana nilimtafuta. Ilinichukua muda, nikapata namba yake kupitia wale waumini wa Kondoa. Nilimwomba msamaha kwa simu, akacheka, akasema, "Mama, jogoo yule nilimkumbuka siku zote mbili pale stendi." Sijui kama alikuwa ananifariji au ananichapa. Nikamtumia nauli ya mwaka 2015 pamoja na ya kutolea. Mama wa chai nikamlipa uji wake, akadai na riba.

Ijumaa napokea wawili wanaopita kwenda Singida. Mayai ya njiani nimeshanunua. Nauli yao iko kwenye kopo la kahawa juu ya kabati, na mzee wangu ameshauliza mara mbili kama hiyo si hela ya luku.