Farasi wako wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Rafiki yangu amenitumia nakala ya picha ya George Stubbs ya mwaka 1765 hivi, inayoonyesha uwanda wa Newmarket huko Uingereza. Nasikia Newmarket ndiyo makao makuu ya mbio za farasi, na Stubbs ndiye fundi wa kuchora farasi. Nimeikodolea macho picha yote: nyasi, mawingu, na kijumba cha matofali. Farasi hata wa dawa hakuna! Je, hakuimaliza?
– Msomaji mwenye mashaka

JIBU: Marahaba. Macho yako mazima, farasi hawamo. Mimi nilipoiona mara ya kwanza kitabuni nilifunua ukurasa wa pili, nikidhani nusu ya picha imeangukia huko.

Kiangalie hicho kijumba. Zama zile farasi aliweza kukimbizwa raundi kadhaa siku hiyohiyo, na raundi moja ikawa maili 4, zaidi ya kilomita 6. Akirudi anachuruzika jasho, saisi humwingiza humo akamsugua kwa majani makavu na vitambaa kabla hajapigwa na baridi. Basi. Ni chumba cha kufutia jasho, na bwana mkubwa akakitolea rangi ya mafuta!

Alikuwa na sababu. Wateja wake walikuwa matajiri waliotaka picha za farasi wao walioshinda, naye hakuweza kila mara kubeba rangi zake hadi uwandani. Kwa hiyo alichora mahali kwanza, pakiwa patupu, ili baadaye amlete farasi ampachike mbele yake. Kijumba cha kusugulia kimo katika picha yake ya farasi aitwaye Gimcrack, na miaka mitano hivi baadaye kikatokea tena nyuma ya Eclipse, farasi aliyeshinda mbio zake zote 18. Kwa farasi wenyewe hakuwa na haja ya kubahatisha: aliwahi kujifungia Horkstow, Lincolnshire, miezi 18 akipasua mizoga yao, misuli kwa misuli, na mwaka 1766 akachapisha kitabu cha michoro hiyo.

Sasa, sikubali wanaosema ni zoezi tu. Niliwahi kuinakili, nikashindwa kwenye nyasi. Nilipaka kijani kibichi, ikawa kama zulia la msikitini. Kumbe kijani cha Stubbs kimetiwa udongo na manjano kidogo, kinazidi kupauka kadiri uwanda unavyokwenda mbali, mpaka mahali ambapo nchi na mbingu vinakaribia kuwa rangi moja. Mstari ule wa mwisho nimeufuta mara nne. (Brashi yangu nayo ilikuwa imezeeka, lakini nisiisingizie.) Na picha yenyewe ni ndogo, karibu sentimita 30 kwa 42!

Jaribu hili: ziba kijumba kwa kidole gumba. Utaona uwanda wote unapoteza ukubwa, kwa kuwa hakuna tena cha kuupimia. Ondoa kidole, upepo unarudi.

Halafu mwombe rafiki yako akutafutie picha ya Gimcrack, uiweke kando ya hii. Humo utampata farasi uliyemkosa, tena mara mbili: mbele kasimama akihudumiwa karibu na kijumba, na kule mbali, mdogo kama sisimizi, anawaacha wenzake nyuma.