Simu ya Baba Hurudi Saa Moja Usiku

Mwaka 2024, mafuriko yalipoahirisha ufunguzi wa muhula wa pili hapa Kenya kutoka 29 Aprili hadi 13 Mei, mwalimu mgeni shuleni kwetu alinijia mbio na wazo: tufungue kundi la WhatsApp la wazazi. Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa sababu miaka minne nyuma mimi nilianzia papo hapo. Basi haya namwandikia yeye, na mwalimu au mzazi yeyote ambaye shule yake inaweza kufungwa tena.

Nafundisha shule ya msingi ya umma kaunti ya Kilifi. Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona. Nilikuwa na watoto 52 wa Gredi ya 3. Tukadhani ni wiki tatu, nne. Darasa langu halikurudi hadi 4 Januari 2021.

Kundi langu la WhatsApp lilipata namba 19. Kila asubuhi nilipiga picha kurasa za hesabu nikazituma, nikakaa kungoja majibu. Kufikia wiki ya tatu walikuwa wakijibu sita. Nikawalaumu wazazi, tena kwa sauti, mbele ya walimu wenzangu: hawa watu hawajali. Siku moja nikakutana na mama mmoja kisimani, akaniambia taratibu, "Mwalimu, zile picha zako zimekula bando la wiki nzima. Na simu yenyewe ni ya babake, anatoka nayo alfajiri."

Sikuwa na la kumjibu. Mwaka mzima nilikuwa najua alama za mtoto wake katika kila somo, lakini sikujua nyumba ile ina simu ngapi.

Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa unahusu siku ambazo shule iko wazi. Siku ya kufungua muhula, kabla hujagawa vitabu, chukua daftari uulize kila mtoto: simu nyumbani ni ya nani, ni ya kubofya au ya kupangusa, inalala wapi, na jirani yupi ana umeme wa kuchajia? Na nani nyumbani anajua kusoma? Swali hilo la mwisho uliza kwa upole, ikiwezekana pembeni. Mtoto anaweza kudanganya ili kumsitiri bibi yake.

Mimi daftari hilo nililijaza nimechelewa, nikizunguka kwa miguu na barakoa usoni. Kumbe kafyu iliyoanza 27 Machi ilikuwa imenisaidia bila kukusudia: saa moja usiku kila baba yuko ndani, na simu iko naye. Nikaacha picha, nikawa napiga simu kuanzia saa moja na nusu, watoto sita kwa usiku, dakika mbili kila mmoja. Mtoto ananisomea sentensi tano, namrekebisha, namwambia ya kesho. Nyuma nasikia sufuria, nasikia baba akinong'ona, "Soma kwa nguvu, mwalimu hasikii." Wengine waliokuwa hawafungui mdomo darasani walisoma vizuri ajabu gizani. Salio lilitoka mfukoni mwangu, na sikushauri ulibebe peke yako. Walimu watatu wanaweza kugawana darasa moja.

Hapa niseme jambo. Mimi nilikuwa nalipwa na serikali. Mwenzangu aliyeajiriwa na bodi ya shule alikaa miezi bila mshahara, akawa anauza viazi karai. Hoteli za pwani zilifungwa, na 8 Aprili Kilifi, Mombasa na Kwale zikazuiwa watu kuingia na kutoka, kwa hiyo baba wengi waliokuwa na kazi walibaki nyumbani bila hata ya sukari. Ukiona mtoto wa miaka tisa anaponda kokoto, usianze na habari ya hesabu.

Redio? Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilirusha masomo kupitia KBC, shirika la utangazaji la taifa, na palipokuwa na dada mkubwa wa kumkalisha mdogo yalifaa. Pasipokuwa naye, redio iliongea peke yake.

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni karatasi na muuza mahamri. Kijijini kwetu hakuna nyumba isiyopita kwake alfajiri. Kila Jumatatu nilimwachia bahasha, maswali kumi kwa mkono wangu, kopi zimetolewa mjini. Ijumaa nachukua majibu. Wiki ya kwanza karatasi mbili ziliishia kufungia mahamri. Nikamnunulia kopo la plastiki lenye kifuniko, mambo yakatengenea. Majibu yalirudi na madoa ya mafuta, lakini yalirudi.

Sasa kurudi. Januari 2021 tulitakiwa kuwatenganisha watoto mita moja na nusu. Darasani kwangu wangeingia 15 hivi, nikatoka nao chini ya mwembe. Ukifika huko, chagua miti miwili: kivuli cha saa mbili si kivuli cha saa sita, na tulikuwa tukihama na ubao mara mbili kabla ya uji. Mbuzi utawazoea.

Wiki hiyo kila mtu alitaka kukimbiza silabasi, maana mihula ilikuwa imefupishwa. Mwalimu mkuu akaniomba maazimio ya kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula. Nikamwomba siku nne. Nilimwita kila mtoto pembeni dakika tatu, aya moja ya kitabu cha Gredi ya 2, nikaandika: anasoma, anakwama, ameacha. Walioacha walikuwa 17, na watatu kati yao walikuwa hodari mwezi Machi. Mmoja alishika kitabu juu chini, akatazama picha, akanitungia hadithi nzuri kabisa isiyokuwamo.

Hao 17 nilianza nao upya, kwa silabi, nusu saa kila siku kabla ya kengele ya kwanza. Maazimio ya kazi nikayapeleka Ijumaa, mwalimu mkuu akayapokea bila neno.