McBride au Andrews: ninavyochagua taiti endi mmoja kati ya wawili

Katikati ya msimu wa 2024, katika ligi yetu ya fantasi, mchezo ambao kila mtu huunda timu yake kwa majina ya wachezaji halisi wa mpira wa Kimarekani na kupata pointi kwa wanayoyafanya uwanjani, nilimtoa Trey McBride wa Arizona Cardinals kwa mwenzangu wa kazini hapa Ohio, naye akanipa Mark Andrews wa Baltimore Ravens, nikarudi nyumbani nikiamini kwamba nimemlalia. McBride alikuwa akidaka mipira mingi kila wiki bila kupata tachidauni (yaani kufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani) hata moja ya kudaka, ilhali Andrews, ambaye alianza msimu kwa kusuasua, alikuwa ameanza kuzipata mfululizo. Nilikuwa nimechoka kumsubiri.

Kwa asiyeufuatilia sana mpira wa Kimarekani, taiti endi hujipanga ubavuni mwa safu ya mbele, ambapo mara huwazuia wapinzani wasimfikie mrusha mpira, na mara hukimbia mwenyewe kwenda kudaka. Kazi ya kuzuia, hata aifanye kwa ustadi wa namna gani, haitupi sisi wachezaji wa fantasi pointi yoyote. Na kwa kuwa ligi nyingi hutaka umpange taiti endi mmoja, ukiwa na wawili wazuri ni lazima mmoja abaki benchi akikutazama.

Kosa langu lilikuwa kutosoma vizuri kanuni za ligi yangu mwenyewe. Msimu ule McBride alidaka mipira 111 kwa yadi 1,146 na tachidauni 2, naye Andrews alidaka mipira 55 kwa yadi 673 na tachidauni 11. Katika ligi inayotoa pointi 1 kwa kila yadi 10 na pointi 6 kwa kila tachidauni, pasipo kuhesabu idadi ya mipira iliyodakwa, Andrews anapata 133.3 na McBride 126.6 kwa kudaka peke yake, kwa hiyo mabadilishano yangu yangeweza kutetewa mbele ya mtu yeyote. Ligi yetu, hata hivyo, hutoa pointi 1 kwa kila mpira unaodakwa, na hapo McBride anafika 237.6 huku Andrews akiishia 188.3. Wachezaji ni walewale na michezo ni ileile, lakini jibu limegeuka.

Tangu hapo, kabla ya kutazama tachidauni, huangalia ni mara ngapi mpira hurushwa kuelekea kwa mchezaji. McBride alirushiwa mara 147, Andrews mara 69. Kumtafuta mtu mara nyingi kiasi hicho ni uamuzi wa kocha na mrusha mpira, na uamuzi wa namna hiyo haubadiliki ovyo kutoka wiki moja hadi nyingine. Tachidauni hutegemea timu ifike karibu na mstari wa mwisho, kisha iamue kurusha badala ya kukimbia na mpira, kisha imchague huyo na si mwingine. Andrews alikuwa na Lamar Jackson, aliyerusha tachidauni 41 msimu huo, lakini alikuwa pia na Isaiah Likely, taiti endi mwingine wa timu hiyohiyo, ambaye katika mchezo wa kwanza dhidi ya Kansas City Chiefs alidaka mipira 9 kwa yadi 111. Penye taiti endi wawili wanaodaka, mimi huwa na wasiwasi.

Wiki ya 17, ambayo kwetu ndiyo fainali, nilikutana na yule niliyedhani nimemlalia. Jumamosi usiku, dhidi ya Los Angeles Rams, McBride alidaka mipira 12 na akapata tachidauni yake ya kwanza ya kudaka msimu mzima. Nilikuwa nimekaa na sahani ya wali mapajani; uliishia kupoa.

Wawili wakilingana katika hayo yote, ndipo huangalia majeraha. Timu hutangaza wasiocheza dakika 90 kabla ya mchezo kuanza, na michezo mingi ya Jumapili huku Ohio huanza saa saba mchana, maana yake orodha hutoka saa tano na nusu, ibada ikiwa bado haijaisha. Mimi hukaa kiti cha nyuma, karibu na mlango.