Daktari Anajibu: Mizani, Damu na Presha kwa Mgonjwa wa Moyo

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 58, na mwaka jana niliambiwa kwamba moyo wangu umetanuka na uwezo wake wa kusukuma damu umeshuka hadi asilimia 35. Natumia dawa bila kukosa, na sasa napanda ngazi pasipo kuhema sana. Kinachonichosha ni kupima uzito kila asubuhi, na kutolewa damu kila dawa inapobadilishwa, eti kuangalia figo, ilhali ninaumwa moyo wala si figo. Je, naweza kupunguza vipimo hivi kwa kuwa najisikia vizuri?

JIBU: Vipimo vya damu vitapungua vyenyewe dozi zitakapotulia, na atakayeamua ni daktari wako. Mizani usiiache. Nitaeleza sababu, kwa maana mgonjwa anayeamriwa bila kuelezwa huchoka upesi, nami simlaumu.

Moyo unaposukuma damu kidogo, figo hudhani kwamba mwili umepungukiwa na maji, nazo huanza kuzuia maji na chumvi visitoke. Maji hayo hujikusanya kimyakimya, mara nyingi siku kadhaa kabla ya miguu kuvimba au pumzi kubana, na kila lita moja iliyobaki mwilini ni kilo moja kwenye mizani. Jipime asubuhi baada ya haja ndogo na kabla ya kifungua kinywa, ukiwa na nguo nyepesi, kwenye mizani ileile iliyokaa juu ya sakafu ngumu, kisha andika tarehe na uzito papo hapo. Uzito ukiongezeka kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, wasiliana na kliniki siku hiyohiyo hata kama hujisikii vibaya, kwa kuwa mtu hanenepi kwa kasi hiyo. Hayo ni maji. Andika pia idadi ya mito unayolalia. Aliyekuwa akilalia mto mmoja, akajikuta hawezi kupata usingizi bila mitatu, anatupa habari ambayo hakuna mashine ya kliniki itakayoigundua.

Kuhusu damu, dawa kama enalaprili na spironolaktoni huulinda moyo, lakini huweza kupandisha potasiamu, yaani aina ya madini yaliyomo katika damu, ilhali dawa ya kukojoza kama furosemidi huishusha. Potasiamu ikizidi mno au ikipungua mno, mapigo ya moyo huweza kuvurugika bila dalili yoyote ya kutangulia, na ndiyo sababu kujisikia vizuri hakuwezi kushika nafasi ya kipimo hiki. Kwa kawaida damu hupimwa wiki 1 hadi 2 baada ya dawa hizi kuanzishwa au kuongezwa dozi, kisha vipindi hurefushwa. Kreatinini, ambayo ndiyo inayoonyesha hali ya figo, ikipanda kidogo mwanzoni, usiache dawa kwa hofu, kwa sababu mara nyingi daktari alikwisha kulitarajia hilo. Ila ukiharisha au kutapika sana, piga simu mapema, maana huenda baadhi ya dawa zikahitaji kusimamishwa kwa muda.

Yapo mambo mawili yanayoharibu kazi hii yote, na wagonjwa wengi hawayataji kliniki kwa kuwa hawayahesabu kuwa dawa. La kwanza ni vidonge vya maumivu vya jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, ambavyo huzuia maji mwilini na kuziumiza figo. La pili ni chumvi mbadala inayouzwa kwa sifa ya kuwa salama kwa moyo. Nyingi kati ya hizo zimetengenezwa kwa potasiamu, na kwa mtu anayetumia spironolaktoni hiyo ni hatari ya wazi. Ni heri chumvi ya kawaida iliyopunguzwa. Kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa ndani ya vyakula vya viwandani.

Nawe usiililie eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ya kila mwezi. Moyo huhitaji miezi kadhaa ya dawa kabla ya picha yake kubadilika, na tofauti ya asilimia 35 na 38 huenda ikatokana na mkono wa mpimaji tu.

SWALI: Shikamoo, Daktari. Baba yangu ana ugonjwa wa moyo na presha. Tangu tumnunulie mashine, hujipima hata mara kumi kwa siku, na kila jibu ni tofauti. Likiwa juu hukosa usingizi. Likiwa zuri huacha dawa ya jioni. Tumwamini yeye au mashine?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Presha ya kila mtu hupanda na kushuka siku nzima, kwa hiyo huenda mashine inasema kweli mara zote kumi. Mpangieni ratiba: asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya kulala, kila mara vipimo viwili vilivyopishana kwa dakika 1, kwa muda wa wiki moja kabla ya kliniki. Kabla ya kupima aketi kimya dakika 5, mgongo ukiegemea na nyayo zikiwa sakafuni bila kukunja nne, mkono ukiwa mezani usawa wa moyo, tena asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Angalieni na ule mkanda, kwani ulio mdogo kwa mkono mnene hutoa jibu la juu kuliko hali halisi. Nje ya ratiba hiyo, mashine ikae kabatini.

Kuacha dawa kwa sababu presha ni nzuri ndilo kosa linalonihangaisha zaidi katika barua yako, maana presha hiyo ni nzuri kwa kazi ya dawa. Jibu likifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja au maneno kutotoka sawasawa, mpelekeni hospitali mara moja.

SWALI: Nilipata shambulio la moyo miezi kadhaa iliyopita. Naona haya kumuuliza daktari wangu kama naweza kurudi kwenye tendo la ndoa.

JIBU: Ndugu yangu, madaktari huulizwa hili kila wiki. Kwa wengi jibu ni ndiyo, ikiwa unaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa haraka bila maumivu ya kifua wala kuishiwa pumzi. Ukiwa na shaka, omba kipimo cha moyo cha kutembea juu ya mashine. Kama umepewa naitreti, yaani dawa ya kutanua mishipa ya damu kwa maumivu ya kifua, iwe ya kuweka chini ya ulimi au ya kumeza, usitumie kamwe sildenafili (dawa ya nguvu za kiume, kama Viagra) wala dawa za jamii yake, kwa kuwa zikikutana presha huweza kuporomoka ghafla hadi kuua. Na iwapo umekwisha kuitumia sildenafili, kisha kifua kikabana, nenda hospitali na uwatajie wahudumu dawa hiyo kabla hawajakuwekea chochote chini ya ulimi.