Vita viliisha, hasira ikabaki

Yaya, unauliza kwa nini watu walikasirikia mwisho wa mchezo wa video Mass Effect 3 wakati vita vya ndani yake viliisha. Kifo cha Shepard, yule shujaa unayemwongoza, si kitu. Tangu 2007, michezo mitatu, unachagua nani umwokoe na nani umwache, halafu dakika za mwisho unapewa njia chache zinazofanana, tofauti karibu ni rangi tu! BioWare, waliotengeneza mchezo, wenyewe walilazimika kuongeza maelezo ya mwisho huo, bure, mwaka huohuo wa 2012.

Red Dead Redemption, mchezo mwingine wa 2010, nayo inamuua shujaa wake John Marston (pole kwa ambaye hajamaliza), lakini ile inaingia moyoni, maana maovu yake ya zamani yalimfuata tangu mwanzo.

Huku Birere, mtaa wa Goma, vijana wanalipia michezo ya video kwa dakika, wanacheza ile ya mpira tu. Mwisho wao ni pesa kuisha.