Namna ya kuzilinda leya tupu dhidi ya amri ya PURGE

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi sanifu katika ofisi ya usanifu majengo jijini Mwanza. Ofisi yetu ina kiolezo (faili la kuanzia kila mchoro mpya) cha AutoCAD, programu ya kuchorea kwa kompyuta, chenye leya (matabaka ya mchoro) zote tulizokubaliana, kuanzia za kuta na milango hadi za maji na umeme, na kila leya ina rangi, aina ya mstari na unene wake. Tatizo ni kwamba mchoro ukienda kwa mhandisi wa umeme na kurudi, leya ambazo zilikuwa bado hazijachorwa kitu huwa zimetoweka, kwa sababu wenzetu hutumia amri ya PURGE, inayofuta vitu visivyotumika ndani ya faili, kabla ya kutuma. Vijana wetu huzitengeneza upya kwa kukisia, na mwishowe majina na rangi havifanani kati ya mchoro mmoja na mwingine. Je, ipo njia ya kuizuia PURGE isifute leya tupu?

JIBU: Ndugu msomaji, njia ipo, tena haihitaji kununua kitu wala kumzuia mwenzako kusafisha faili lake. Inatosha kuelewa kwanza PURGE inaamuaje kwamba leya hii ifutwe na ile ibaki.

Amri hiyo haijui kama leya ina umuhimu kwenu. Inachotazama ni kama kuna kitu chochote ndani ya faili kinachoirejelea leya hiyo. Leya ya 0 na ile ya Defpoints hazifutwi kwa vyovyote, wala haifutwi leya inayofanyiwa kazi wakati huo, wala zile zinazotoka kwenye michoro mingine iliyounganishwa kama rejea. Leya nyingine yoyote ambayo haina hata mstari mmoja, na ambayo haikutumika ndani ya ufafanuzi wa bloku yoyote (kundi la vitu lililopewa jina na kutumika kama kitu kimoja), huhesabiwa kuwa haina kazi. Kwa hiyo dawa ni kuipa kila leya kitu cha kuishikilia, na kitu hicho kiwekwe kwenye kiolezo, kabla mchoro wowote haujaanza.

Wengi huanza kwa kuchora mstari mdogo wa kila leya pembeni mwa karatasi. Siipendekezi njia hiyo. Mtu wa kwanza atakayeona mistari hiyo isiyo na maana ataifuta, na leya zitabaki tupu kama awali. Wapo pia wanaochora mistari isiyo na urefu au kuweka maandishi matupu ili visionekane, lakini PURGE ya matoleo ya sasa ina chaguo la kuondoa vitu vya aina hiyo hasa.

Njia iliyo imara ni bloku moja ya ulinzi, yenye nukta moja kwa kila leya. Fungua faili la kiolezo ukiwa kwenye Model (eneo la kuchorea lenyewe), ambako kusiwe kumechorwa kitu. Tengeneza leya mpya na kuipa jina ambalo kila mtu atalielewa, kwa mfano Z-ULINZI, kisha uifanye iwe leya inayofanyiwa kazi. Hakikisha hakuna leya iliyogandishwa (Freeze) wala kufungwa (Lock), kwa sababu nukta zilizo kwenye leya za namna hiyo hazitachaguliwa hapo baadaye. Kisha bandika mistari hii kwenye sehemu ya kuandikia amri:

(setq L nil)
(while (setq L (tblnext "LAYER" (not L)))
  (entmake (list '(0 . "POINT") (cons 8 (cdr (assoc 2 L))) '(10 0.0 0.0 0.0))))

Mistari hiyo hupitia leya zote za faili moja baada ya nyingine na kuweka nukta ya kila leya kwenye 0,0. Ikiwa ofisi yenu inatumia AutoCAD LT, ile AutoCAD nyepesi, ya kabla ya toleo la 2024, ambayo haina AutoLISP (lugha ya programu iliyotumika katika mistari hiyo), itabidi muweke nukta kwa mkono kwa kubadilisha leya kila mara. Ni kazi ya kuchosha, lakini hufanywa mara moja tu.

Baada ya hapo toa amri ya BLOCK, ipe bloku jina, chagua nukta zote kwa kuandika ALL, weka alama kwenye chaguo la kuvigeuza vitu hivyo kuwa bloku palepale, na uondoe alama kwenye chaguo linaloruhusu bloku kuvunjwa kwa EXPLODE. Bloku itakaa kwenye leya ya Z-ULINZI, huku kila nukta iliyo ndani yake ikibaki kwenye leya yake. Mwisho rudi kwenye leya ya 0, kwa kuwa leya inayofanyiwa kazi haigandishwi, kisha uigandishe Z-ULINZI na kuhifadhi kiolezo.

Hapa yapo mambo mawili ambayo hukosewa mara kwa mara. La kwanza ni kutengeneza bloku na kuacha kuiweka kwenye mchoro. Bloku iliyofafanuliwa tu bila kuwekwa popote nayo ni kitu kisichotumika, kwa hiyo PURGE itaifuta yenyewe, kisha itazifuta leya zilizokuwa zikishikiliwa nayo. La pili ni kuizima (Off) leya ya Z-ULINZI badala ya kuigandisha. Ukiizima tu, nukta zilizo kwenye leya nyingine ndani ya bloku zitaendelea kuonekana na kuchapishwa, na ALL itaendelea kuichagua bloku, hivyo mtu akifuta vitu vyote nayo itaondoka. Ukiigandisha, bloku nzima hutoweka machoni, haichapishwi, haiguswi na ALL, wala haihesabiwi katika ZOOM Extents, yaani unapoutanua mwonekano ili vitu vyote vionekane. Ndiyo maana nasisitiza kugandisha.

Kabla ya kuwagawia wenzako kiolezo hicho, fungua mchoro mpya kutoka kwake, endesha PURGE kwa kila kitu, kisha tazama orodha ya leya. Zote zinapaswa kuwepo, na aina za mistari zinazotumiwa na leya hizo pia, kwa sababu leya iliyobaki huishikilia aina yake ya mstari. Mitindo ya maandishi na ya vipimo haitapona kwa njia hiyo. Ikiwa nayo mnaihitaji, ongezeni ndani ya bloku neno moja kwa kila mtindo wa maandishi na kipimo kimoja kwa kila mtindo wa vipimo.

Faida nyingine ni kwamba PURGE siyo mlango pekee wa upotevu. Amri ya WBLOCK ikitumiwa kwa alama ya nyota huandika faili jipya na kuviacha nyuma vitu visivyorejelewa, na eTransmit ina chaguo la kusafisha michoro wakati wa kuifungasha. Huenda mhandisi wenu hajawahi kuandika neno PURGE maishani mwake. Bloku huzilinda leya katika hali hizo zote. Pale isipoweza kusaidia ni kwenye amri za LAYDEL na LAYMRG, ambazo huondoa leya hata kama ina vitu na kuzifafanua upya bloku zinazoitumia. Lakini atumiaye amri hizo huwa ameichagua leya mwenyewe.

Wanaojua kuandika programu wanaweza kupata ulinzi bila bloku, kwa kuunda Xrecord (rekodi ya data isiyoonekana kwenye mchoro) ndani ya kamusi ya faili na kuipa viungo vya namba 340 vinavyoelekea kwenye kila leya. Viungo vya 340 hadi 349 ni viungo vigumu, na kinachoelekezewa na kiungo kigumu hakifutwi na PURGE, ilhali vile vya 330 hadi 339 ni laini na havilindi kitu. Mimi bado naichagua bloku, kwa sababu kijana yeyote wa ofisini anaweza kuifungua, kuiona na kuiongezea leya mpya.

Zungumza pia na mhandisi wenu. Leya tupu huongeza ukubwa wa faili kwa kiasi kidogo mno, na mara nyingi uzito hutokana na bloku zilizoachwa. Mpe kitufe chenye amri hii, kisafishe bloku peke yake:

^C^C-PURGE;B;*;N;

Bloku zilizo ndani ya bloku nyingine huenda zikahitaji kitufe kibonyezwe zaidi ya mara moja.

SWALI: Sisi huku Mombasa michoro yetu ya zamani imekwisha kupoteza leya. Tuanze upya?

JIBU: Hapana. Tengenezeni kwanza kiolezo chenye bloku ya ulinzi kama nilivyoeleza hapo juu. Kisha fungueni mchoro ulioathirika, tengenezeni leya ya Z-ULINZI na kuifanya iwe inayofanyiwa kazi, bonyezeni Ctrl na 2 ili kufungua DesignCenter (dirisha la kuchukulia vitu kutoka faili nyingine), tafuteni kiolezo chenu, ingieni sehemu ya bloku na muivute bloku hiyo hadi kwenye mchoro. Itakuja na leya zake zote zilizokosekana, pamoja na rangi na aina za mistari. Rudini kwenye leya ya 0, kisha igandisheni Z-ULINZI.

Angalieni jambo moja. Leya ambayo tayari imo kwenye mchoro kwa jina lilelile haibadilishwi. Kama mtu aliitengeneza upya A-WALL kwa rangi nyekundu badala ya nyeupe, itabaki nyekundu hadi mtakapoirekebisha wenyewe. Na kama aliiita A-WALLS, mtakuwa na leya mbili za kuta. Kwa leya za namna hiyo tumieni amri ya LAYTRANS, mpakie kiolezo chenu upande wa kulia, kisha muoanishe jina baya na jina sahihi, na vitu vyote vitahamia kwenye leya inayostahili.