Je, vidonge vya vimeng'enya vinaweza kuokoa seli za ubongo katika ugonjwa wa Parkinson?

Swali: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana ugonjwa wa Parkinson na anatumia levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Nimesoma kwamba seli za ubongo wake zinakufa kutokana na mchochota, yaani mwitikio wa kinga ya mwili unaounguza tishu, na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini. Muuzaji mmoja wa virutubisho ametushauri tuache levodopa, kwa madai kwamba inaua seli, na badala yake baba ameze vidonge vya vimeng'enya "vinavyosafisha ubongo". Je, tumsikilize?

Jibu: Marahaba. Msimsikilize. Uliyoyasoma yana msingi, lakini muuzaji ameyageuza kuwa biashara, na maswali ya namna hii hunifikia karibu kila wiki.

Seli zinazopotea ni zile zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza miondoko ya mwili, katika eneo la ubongo wa kati liitwalo substantia nigra. Ubongo wa marehemu ukikatwa, eneo hilo huonekana kwa macho kama mstari mweusi; kwa aliyeugua Parkinson mstari huo huwa umefifia. Ndani ya seli hizo protini iitwayo alfa-sinukleini hujikunja vibaya na kurundikana, na mikroglia, ambazo ndizo seli za kinga za ubongo, huamka. Mwaka 1988 McGeer na wenzake waliripoti kwamba walizikuta zimeamka kwa wingi katika eneo hilohilo. Mikroglia zilizoamka humwaga kemikali za mchochota na, kwa kutumia kimeng'enya cha NADPH oksidesi, hutengeneza molekuli za oksijeni zinazounguza seli jirani. Seli inayokufa huacha mabaki, nayo mabaki huamsha mikroglia nyingine. Iwapo mchochota ndio unaouanzisha ugonjwa bado wataalamu wanabishana. Kwamba unauendeleza, ushahidi ni mwingi.

Sasa tazama vimeng'enya vyenyewe. MAO-B huvunja dopamini, na katika kazi hiyo huzalisha haidrojeni peroksaidi. Mwaka 1983 Langston na wenzake waliripoti kuhusu watu wa California waliojidunga heroini bandia iliyochafuliwa na kemikali ya MPTP, wakakakamaa kama wagonjwa wa Parkinson wa miaka mingi. Baadaye ilibainika kwamba MPTP yenyewe haikuwa sumu iliyoua seli: ni MAO-B iliyoigeuza kuwa sumu inayokwamisha mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli. Ndiyo maana tuna dawa za kukizuia kimeng'enya hicho, kama selegilini na rasagilini, ambazo hupunguza dalili ingawa haijathibitishwa kwamba zinazuia seli kufa. Kimeng'enya kingine, LRRK2, kwa baadhi ya wagonjwa waliorithi hitilafu, hufanya kazi kupita kiasi. Kwa wengine tatizo ni kinyume chake, yaani kimeng'enya cha glukoserebrosidesi kinachopungua. Anayekuuzia "vimeng'enya" kwa jumla, muulize ni kipi, na kiongezwe au kizuiwe.

Hata akijibu, kimeng'enya ni protini. Kikimezwa, tumbo na utumbo hukimeng'enya kama protini nyingine ya chakula, na chembe kubwa inayoponyoka haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Wagonjwa wa Gaucher, ugonjwa wa kurithi, ambao wana upungufu wa glukoserebrosidesi, hupewa kimeng'enya hicho moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, kikiwa kimetengenezwa kwa ustadi mkubwa, na bado hakiingii kwenye ubongo kwa kiasi cha kufaa. Kidonge cha muuzaji kitapita wapi?

Kuhusu levodopa kuua seli, hofu hiyo ilipimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wagonjwa 361 walitumia levodopa au kidonge kisicho na dawa kwa wiki 40, kisha wakaachishwa kwa wiki mbili. Waliokuwa wametumia levodopa hawakuwa na hali mbaya zaidi ya wenzao. Ni kweli kwamba miaka ikienda dawa hiyo huweza kuleta miondoko ya mwili isiyodhibitika, na hilo daktari hulishughulikia kwa kurekebisha dozi. Kuiacha ghafla ndiko kunakoweza kuua: mgonjwa hukakamaa, hupandwa na homa kali na kuchanganyikiwa.

Wala si vimeng'enya peke yake. Vitamini E na koenzaimu Q10 zilijaribiwa kwa uangalifu, kwa dozi kubwa na kwa mamia ya wagonjwa, na hazikupunguza kasi ya ugonjwa. Zipo pia "dawa za asili" za unga wa mbegu za upupu, ambazo zina levodopa halisi kwa kiasi kisichopimwa. Mgonjwa huona nafuu, husifu mitishamba, kisha huzidisha dozi bila kujua anachozidisha. Kwa hiyo chupa yoyote mliyokwisha kununua ipelekeni kwa daktari wa mzee kabla hajameza chochote, na kama anatumia selegilini au rasagilini, mwonyesheni hata dawa ya kikohozi, kwa kuwa ile yenye dekstromethofani haipaswi kuchanganywa nazo.